Mwana Kupona Aliomba Apone: Sehemu ya Utenzi Tunayoiruka

Karibu kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili darasani amekutana na Mwana Kupona, na karibu kila mmoja amekutana naye nusu. Tunamjua mama wa nasaha: anamwita binti yake, anamwambia alete wino na karatasi, kisha anamfundisha kushika dini, kuchunga ulimi, kuheshimu watu na kumtunza mume. Ukimtaja mbele ya wapenda fasihi, mjadala unajulikana kabla haujaanza. Kundi la kwanza litasema huyu ni hazina ya maadili, mabinti wa siku hizi wangemsoma ndoa zisingevunjika. Kundi la pili litasema huyu ndiye aliyewafundisha wanawake kukaa chini na kunyamaza. Wanabishana, wanarushiana beti, na ukichunguza utaona wote wanagombania beti zilezile za katikati.

Hebu tuulize swali jingine. Mwanamke huyu alikuwa anafanya nini alipokaribia mwisho wa utenzi wake? Alikuwa anaumwa, na alikuwa anamwomba Mungu amponye.

Hoja yangu ni hii: ukiusoma Utenzi wa Mwana Kupona mpaka mwisho, utakuta mojawapo ya maandiko ya kweli kabisa tuliyonayo kwa Kiswahili kuhusu kumtegemea Mungu abadilishe hali ngumu. Unayapita mengi tunayoandika leo juu ya jambo hilohilo, kwa sababu moja ambayo si ya kuchekea: aliyeuandika hakuujua mwisho wake mwenyewe.

Tuanze na yanayojulikana. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwani humohumo Pate ambao kwa miaka mingi ulikataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar. Utenzi una beti 102. Mwandishi mwenyewe ametaja tarehe katika beti za mwisho: mwaka 1275 Hijria, ambao kwa kawaida tunauhesabu kuwa 1858. Wakati huo mume wake alikuwa ameshafariki. Yeye mwenyewe, kama anavyoeleza mapema kabisa, alikuwa ameumwa kwa muda wa mwaka mzima, na kwa mwaka huo wote hakupata nafasi ya kukaa na binti yake amwambie neno jema. Naye alifariki takriban 1860.

Weka mambo hayo pamoja uone picha. Ni mjane. Nyumba yake ilikuwa ya watawala na sasa haina kichwa. Ana ugonjwa usioondoka. Ana binti wa kuacha. Huyo ndiye anayeomba wino. Utenzi huu umeandikwa na mtu aliyelala kitandani, na ukilisahau hilo, nasaha zote zinageuka kuwa hotuba ya shangazi kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi.

Sehemu ya lawama inatuhusu sisi, na nyingine inawahusu waliotutangulia kuuchapa. Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina linalousema kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko walivyotarajia. Msomaji anaingia akitafuta mke na mume, anawapata, anafunga kitabu. Walimu nao hukata hapohapo, maana mtihani hauulizi dua. Ni kama kupewa barua ya kurasa kumi ukaambiwa usome sita, zilizobaki ni salamu.

Sasa twende kwenye hizo tunazoziita salamu.

Baada ya nasaha, Mwana Kupona anaikumbuka ndoa yake. Anasema waliishi kwa wema bila kugombana, na kwamba siku ya kifo ilipofika mume aliondoka akiwa radhi naye. Halafu anasema jambo ambalo wanaomtumia kama mwalimu wa ndoa huliruka: tangu siku ile mpaka leo hii anapoandika, hajaacha kulia. Hapo ndipo utenzi unapobadilika. Mama aliyekuwa akimwambia binti yake fanya hivi na vile anageuza uso, anamwacha binti amekaa na kalamu yake, anaanza kuzungumza na Mungu.

Anaomba nini? Anaomba msamaha kwanza. Anawaombea watoto na ndugu zake, anawakabidhi kwa Mungu kama mtu anayeweka amana kwa mwaminifu. Na anaomba apone. Tena haombi kwa kuzungukazunguka. Anasimama kama mhitaji, anataka faraja ije upesi, anataka ugonjwa uondoke. Mwanamke yuleyule aliyemwambia binti yake awe mtulivu, asiwe na pupa ya maneno, mbele ya Mola wake ana haraka. Mimi nalipenda sana hilo. Subira anayofundisha haimzuii kusema: Mola wangu, hima.

Tazama pia sarufi yake. Sehemu ya kwanza yote imejaa vitenzi vya kuamrisha: sogea, sikiliza, shika, usifanye. Ni sauti ya mzazi mwenye mamlaka, na tena mzazi wa tabaka la juu. Tusifiche, utenzi huu unachukulia utumwa kama sehemu ya kawaida ya nyumba, na binti anaambiwa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ni sauti iliyozoea kuamuru. Akifika kwenye dua, umbo la vitenzi ni lilelile: nisikie, nipe, niondolee. Kwa Kiswahili, amri na ombi huvaa nguo moja, na tofauti inabaki kwenye nafasi ya anayesema. Bibi wa nyumba aliyekuwa juu sasa yuko chini, na hakubadilisha hata mizani. Vipande vinne vya mizani nane kila kimoja vinaendelea, kina cha mwisho kinaendelea kuishia kulekule. Hakuna mstari unaosema hapa nasaha zimeisha, sasa tusali. Binti aliyesikia mama akimwambia nisikilize, anamsikia mama akisema neno hilohilo kwa Mungu. Somo gani la sala linaweza kushinda hilo?

Na kuna jambo la pili linalotokea katika mgeuko huo. Kwenye nasaha, njia ya mwanamke kwenda peponi inapita kwa mume. Siku ya kufufuliwa, binti anaambiwa, ridhaa ya mume ndiyo itakayoangaliwa. Wakosoaji wa kundi la pili wana haki ya kukasirika hapo. Lakini kwenye dua Mwana Kupona hana mume wa kumsemea. Amesimama peke yake mbele ya Mungu, anasema haja zake kwa mdomo wake, na anaamini anasikilizwa. Sisemi dua inafuta nasaha. Nasema utenzi mmoja umebeba vyote viwili, na anayesoma nusu, awe wa kusifu au wa kulaani, amemnyang'anya Mwana Kupona nafasi yake ya kusimama mwenyewe.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Mtu anaweza kuuliza: kama alimwamini Mungu kuwa anaweza kumponya, kwa nini aliandika wosia? Wosia si dalili kwamba amekata tamaa? Kuna aina ya mahubiri siku hizi yatakayojibu ndiyo: ukiomba usiache mlango wa nyuma, ukijiandaa kwa kushindwa umeshaonyesha huna imani. Mwana Kupona hakusoma shule hiyo. Anatumia mikono miwili. Kwa mkono mmoja anamkabidhi binti yake kila anachokijua, asije akaondoka bila kusema. Kwa mkono wa pili anabisha hodi kwa Mungu aongezewe siku. Mikono yote miwili ni yake, na hakuna unaoukana mwenzake. Waislamu wana neno lake, tawakali, na wana mafundisho yanayojulikana ya kumfunga ngamia kwanza kisha ndipo kumtegemea Mungu. Wazee wetu nao wakasema jitihada haiondoi kudura. Ukiyasikia haraka utadhani yanapingana. Mwana Kupona anaonyesha yanavyokaa nyumba moja: wosia ndiyo kamba ya ngamia, dua ndiyo tawakali.

Mlinganishe na Ayubu. Utendi wa Ayubu upo katika mkusanyiko wa J.W.T. Allen, *Tendi*, wa mwaka 1971, kitabu kilekile chenye utenzi wa Mwana Kupona. Ayubu tunamjua sote, Waislamu kwa Wakristo. Anapoteza mali, anapoteza watoto, mwili unaharibika, anavumilia. Mwisho anarudishiwa. Katika Kurani anaambiwa apige ardhi kwa mguu wake, maji yanatoka, anaoga na kunywa, anapona. Ni kisa kikubwa na kimewashika watu mkono usiku mwingi. Ila msomaji wa Ayubu ana faida ambayo Ayubu mwenyewe hakuwa nayo: anajua maji yatatoka. Tunavumilia pamoja naye huku tukichungulia ukurasa wa mwisho. Kwa Mwana Kupona hakuna wa kumchungulia. Beti ya mwisho inafungwa na chemchemi haijatoka. Anataja tarehe, anataja idadi ya beti, anajitaja kuwa mgeni mwenye huzuni, anataja jina lake na alikozaliwa, basi. Yuko kitandani bado.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasema waandishi wa leo, mimi nikiwemo miongoni mwa wasomaji wao wa kila siku. Kazi yangu ya uandishi wa habari inanipitisha kwenye maandishi mengi, na katika miaka hii aina moja ya hadithi imekuwa kama pumzi ya mitandao yetu: hadithi ya ushuhuda. Unaijua. Kijana kafukuzwa kazi, kodi ya nyumba imedaiwa mara tatu, mtoto anaumwa. Anapiga magoti saa tisa usiku. Asubuhi simu inaita, namba asiyoijua. Aya mbili mbele ana gari, na waliomcheka wanaomba lifti. Zipo za Kikristo, zipo za Kiislamu, kwa ujenzi zinafanana kama mapacha.

Sina ugomvi na miujiza. Watu huomba na mambo hubadilika, na anayesema Mungu si Athumani huwa anajua alichokiona. Ugomvi wangu ni wa kifasihi kwanza. Katika hadithi hizi Mungu anafika kama polisi wa filamu: mwishoni, akipiga king'ora, kila kitu kikiwa kimeandaliwa apate sifa. Dhiki haina uzito kwa sababu mwandishi anaikopa tu ili alipe na riba. Mhusika haulizi chochote, hakasiriki, hamwambii Mungu hima. Anasubiri zamu yake ya kufurahi. Na waliomcheka wapo kwa ajili ya kuaibishwa, kwa hiyo hadithi inayojiita ya imani inaishia kuwa hadithi ya kulipiza kisasi.

Ugomvi wa pili si wa kifasihi tena. Shangazi yangu alikuwa akisafishwa figo mara tatu kwa wiki. Alikuwa mtu wa sala tangu nimfahamu. Mgeni mmoja aliyekuja kumjulia hali, kwa nia njema kabisa, alimuuliza kama hakuna kitu moyoni hajakiungama, maana si kawaida ombi la mwenye imani kuchelewa hivyo. Shangazi alinyamaza, akageukia ukutani. Yule mgeni hakubuni swali lile. Alilipokea. Ukisoma hadithi mia ambazo kila anayeomba hupata kabla ya ukurasa wa mwisho, unajifunza bila kufundishwa kwamba asiyepata ana kasoro. Mgonjwa anabeba ugonjwa, halafu anabebeshwa na hatia. Hadithi zetu ndizo zinazowapa watu maneno ya kusema kando ya kitanda, kwa hiyo haiwezekani tukaziacha bila kuzikosoa eti kwa sababu zinamtaja Mungu.

Wapo waandishi waliokataa mtindo huo kwa nguvu zote. Katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, dini iko kila mahali: jina la msichana mwenyewe limetoka katika litania ya Bikira Maria. Jina takatifu halimkingi. Baba anakunywa na kupiga, mama anavumilia, binti anaharibikiwa, na mwishoni riwaya inatupeleka kwenye hukumu ya Mungu, baada ya kifo, wakati kesi zote zimeshachelewa. Ni riwaya kubwa na ilitakiwa kuandikwa. Ilisema ukweli ambao mimbari ziliukwepa: nyumba yaweza kujaa rozari na bado ikajaa vipigo. Lakini angalia Mungu yuko wapi. Anakaa ng'ambo, kama hakimu. Humkuti kwenye chumba wakati jambo bado laweza kubadilika.

Kwa hiyo tuna Mungu wa ushuhuda anayewahi daima, na Mungu wa riwaya za majonzi anayekuja baada ya mazishi. Katikati kuna chumba cha mgonjwa, ambamo wengi wetu tunaishi: jambo halijabadilika, laweza kubadilika, na hujui. Fasihi yetu ya sasa inakiogopa chumba hicho. Mwana Kupona alikaa ndani yake, akaandika.

Najua mtu atanijibu: lakini alikufa. Aliomba apone, jina lake lenyewe ni Kupona, na miaka takriban miwili baadaye akafa. Kwa hiyo dua yake si ndiyo ile ya kuku isiyompata mwewe? Nimelifikiria jibu hilo sana na sidhani linatosha. Linaupima utenzi kwa kitu ambacho utenzi haukuahidi. Hakuna mahali Mwana Kupona anapomwambia binti yake kwamba ukiomba hivi utapata hivi. Anamwambia Mungu kwamba anaweza, na anaomba. Kuamini kwamba Mungu anaweza, na kujua kwa hakika kwamba atafanya, ni vitu viwili. Cha kwanza ni imani. Cha pili, mtu akikipata, hahitaji tena kuomba; atasubiri tu kama anayesubiri basi lenye ratiba. Ushuhuda wetu wa mitandaoni umechanganya vitu hivyo viwili, na ndiyo maana unakosa kitu kimoja ambacho kila dua ya kweli inacho, yaani mtetemeko.

Halafu kuna kilichobadilika. Mwaka mzima wa ugonjwa ulikuwa umemfunga mdomo, anasema mwenyewe. Hali ngumu ya kwanza aliyoitaja ilikuwa kushindwa kusema na mwanawe. Alipofika ubeti wa mwisho hali hiyo ilikuwa imekwisha. Amesema yote. Tena anawaambia wanawake wausome na kuuelewa, kwa hiyo hakusema na mmoja tu. Sitaki kuliita jambo hili muujiza, nisije nikajenga na mimi hadithi ya gari na simu. Naliona tu, na naona kwamba lilitokea ndani ya kuomba kwenyewe, maradhi yakiwa palepale.

Lugha yake ni ngumu, sikatai. Ni Kiswahili cha kaskazini, na asiyezoea lahaja za huko atahitaji faharasa pembeni na uvumilivu kidogo. Msomaji wa kawaida anaweza kuanza na chapisho lolote lenye maelezo ya maneno. Ombi langu ni dogo. Ukifika pale anapolia kwa ajili ya mumewe, usifunge kitabu. Soma polepole mpaka tarehe. Na ukimjua mtu anayeuguza, au anayeugua, na unatafuta la kumpa zaidi ya hadithi ya yule aliyepona Ijumaa, msomee sehemu hiyo kwa sauti. Haimwahidi chochote. Inamruhusu aombe kwa haraka yake yote, huku akiacha maagizo kwa watoto, bila mtu kumuuliza imani yake imepungua lini.